Rejesta ya Kobe

Kumb. Na. SHA/1
9 Februari

Mwanangu Bisibisi,

Marahaba, naitoa kabla hujaniamkia maana najua utasahau. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto linalojifanya lina umri mkubwa kuliko mwenyewe. Dada yako anakusalimu. Wamemhamishia kufundisha shule ya upande wa pili wa mji, kwa hiyo siku hizi ananiona mara moja kwa mwezi, na akifika hufungua friji kwanza ndipo aulize hali yangu. Paa halivuji tena. Mama wa ghorofani bado anamwaga maji ya kufulia kibarazani kwangu, nami bado nimenyamaza.

Hiyo namba uliyoiona juu ni kumbukumbu ya barua. Usicheke. Miaka ishirini na tisa masjala, nikiandika karatasi isiyo na namba najiona nimetoka nje bila viatu. Nakala nabaki nayo.

Kile kimashine ulichokifunga juu ya kabati la sebuleni nimekipa jina. Anaitwa Kobe. Mweusi, bapa, amejikunyata, na ukimgusa mgongoni ana joto. Mtandao sasa unafika mpaka jikoni, na yale matangazo yaliyokuwa yakinirukia usoni kila nikitazama picha za mishono yamekwisha kabisa. Fundi wa umeme alikuja kubadilisha soketi akauliza ni kitu gani. Nikamwambia hiyo ilikuwa kompyuta ya kaunta ya dukani, ikatupwa, mwanangu akaiokota akaifufua. Nilikusifia mpaka nikapitiliza, akasahau bisibisi yake hapa.

Kuhusu simu, usinipigie. Hii yangu ina mkwaruzo siku hizi, kila anayenipigia namsikia kama yuko ndani ya sufuria inayochemka. Andika. Nimekulea tangu una miaka sita na sijawahi kupata hata barua yako moja, kwa sababu siku zote ulikuwa chini ya pua yangu. Nipe hiyo raha uzeeni.

Kazini kwema, wananisumbua kama kawaida, mafaili hayaishi. Oktoba nakungoja kwa likizo. Chumba chako sijampa mtu.

Shangazi yako

*

1 Machi

Shikamoo Shangazi,

Yahusu barua yako Kumb. Na. SHA/1. Umeona? Nimejifunza.

Niko salama. Chumba changu ni hatua nne kwenda na tatu kurudi, hiyo moja imeliwa na kitanda. Mpe dada pole ya uhamisho, na mwambie friji yako imemzoea, asiache.

Karakana kazi ni ileile. Lori linaleta kompyuta zilizochoka kutoka maofisini, tunafungua, kizima tunaweka huku, kibovu tunaweka kule. Vile vidogo vya aina ya Kobe hakuna anayevitaka, mkubwa wetu anasema havijazi hata kiganja. Mimi ndivyo ninavyovipenda. Nimeshachukua vitatu kwa ruhusa yake. Kimoja kinanigawia intaneti, kimoja kinatunza picha zetu zote, zikiwemo zile zako za ujanani ulizonikataza, na cha tatu nimekifunga kwenye pipa la maji, maji yakikaribia kuisha kinanitumia ujumbe. Wenzangu wananiita Baba Watoto.

Kobe naye ananiandikia. Kila asubuhi hunitumia ujumbe kwamba yuko hai na anafanya kazi. Ukimchomoa tu, najua. Kwa hiyo usimchomoe.

Sasa Shangazi, kuna jambo hunambii? Wenzangu hapa karakana wanasema una dalili zote za mtu aliyepata mchumba. Kama kuna mstaafu anayekuja kunywa chai hapo sebuleni, nijulishe mapema nije nimfanyie usaili.

Mwanao, Bisibisi

*

20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Sijangoja jibu lako. Nimeona nikutumie kifurushi hiki, na barua iko ndani yake, kwa hiyo vitachelewa pamoja.

Ni mchezo tu. Kuna kikompyuta kidogo kuliko Kobe, ukubwa wa kiberiti. Kuna kibonyezo, hicho unakibandika nje ya mlango. Kuna taa mbili, moja ya sebuleni, moja ya jikoni. Mtu akibonyeza mlangoni, taa zote mbili zinawaka na kuzima mara tatu. Na kile kibapa cha mpira unakiweka chini ya mto, asubuhi kinatikisika saa utakayotaka, badala ya kengele ya saa.

Sio kwamba unakihitaji. Vipuri vilikuwa vimezagaa chumbani na nilikuwa na Jumamosi mbili sina la kufanya. Nimechora jinsi ya kufunga, waya mwekundu na waya mweusi. Ukiona hakikufai mpe mtu, au kiache kwenye boksi. Usiponiandikia lolote kuhusu kifurushi hiki sitakasirika hata kidogo.

Kula vizuri.

Bisibisi

*

Kumb. Na. SHA/2
28 Machi

Mwanangu Bisibisi,

Barua yako ya tarehe mosi nimeipata, na nimefurahi kuona mwandiko wako bado unakimbilia mlimani. Sisi wazima. Dada yako alikuja, friji ikafunguliwa. Goti limetulia.

Mchumba. Nimecheka peke yangu mpaka nikaona haya mbele ya pazia. Anayefika mlangoni hapa ni msoma mita tu, naye ana wake zake wawili wanamtosha. Lakini hebu niambie, hao wenzako wa karakana dalili zangu wamezionea wapi? Hawajawahi kuniona hata kwa picha, labda uwe umewaonyesha zile nilizokukataza.

Ulinipigia Jumapili mara tatu. Nilikuwa bafuni. Nilikwambia uandike.

Na huyo msoma mita juzi kaniachia kikaratasi chini ya mlango, eti amegonga sana na hakufunguliwa. Mimi nilikuwa nimekaa sebuleni tangu asubuhi nikipinda kitambaa. Siku hizi watu wanaandika tu ili wawahi kwenda zao.

Kazini hakuna jipya.

Shangazi yako

*

Kumb. Na. SHA/3
12 Aprili

Bisibisi,

Leo sina salamu ndefu. Sote wazima.

Kifurushi kimefika. Kazi ya mikono ni safi, sikatai, hata nyaya umezipanga vizuri. Lakini kengele ya mlango wangu ni nzima. Niliifungisha mwenyewe mwaka juzi na uliiona.

Nauliza jambo moja. Kwa nini taa? Nani kakwambia nini? Kama unadhani ni dada yako, dada yako hajui chochote. Hakuna anayejua chochote kwa sababu hakuna cha kujua.

Jibu kwa barua.

Shangazi

*

3 Mei

Shikamoo Shangazi,

Za hapo nyumbani? Huku tunaendelea vizuri. Mvua zimeanza, ile njia ya kwenda karakana imekuwa tope tupu na juzi kiatu changu kilibaki nyuma mimi nikaendelea. Mkubwa wetu amepata mjukuu. Pipa langu la maji limejaa mpaka kile kikompyuta hakina cha kusema. Nimepaka rangi dirisha. Dada anaendeleaje na shule mpya, wanafunzi hawamsumbui?

Kuhusu taa, wala usijisumbue kuwaza. Ni ile habari yako ya msoma mita, kwamba aligonga na wewe hukusikia. Nikasema pengine kengele iko mbali na sebule, au mlango ni mzito. Ndiyo nikapata wazo la taa. Basi, hakuna zaidi.

Salamu kwa wote.

Bisibisi

*

Kumb. Na. SHA/4
22 Mei

Bisibisi,

Barua yako nimeiweka mezani. Pembeni yake nimeweka karatasi ya kifurushi, na pembeni yake nakala ya barua yangu SHA/2.

Muhuri wa posta kwenye kifurushi ni wa tarehe 20 Machi. Habari ya msoma mita nilikuandikia tarehe 28. Kwa hiyo ulitengeneza dawa ya msoma mita siku nane kabla sijakuandikia habari zake. Umemdanganya karani wa masjala kwa tarehe, mwanangu. Ungechagua kitu kingine chochote.

Tena sikuandika popote kwamba sikusikia. Niliandika kwamba amesema uongo. Neno la kusikia umelileta wewe.

Nimekaa siku mbili nikihesabu nimemwambia nani. Sijamwambia mtu. Dada yako simwambii, daktari sijamfikia. Niliuliza mahali pamoja tu, kwenye simu yangu, nimekaa kitandani kwangu, mlango nimeufunga. Jana nikatoka sebuleni, nikamwona Kobe juu ya kabati, kijitaa chake cha kijani kinapepesa. Nikakumbuka ulivyoniambia siku ile ukiwa juu ya kiti, kwamba kila kitu cha nyumba hii kitapita kwake.

Nimemchomoa. Nimerudisha kile kisanduku cha zamani walichoniletea watu wa intaneti.

Likizo ya Oktoba tafuta pengine pa kufikia.

*

9 Juni

Shikamoo Shangazi,

Kobe alinyamaza tarehe 21 Mei. Barua yako ilichukua wiki mbili kufika, lakini asubuhi ile ile nilijua umejua. Nilikwenda kazini nikafungua mashine moja mara tatu bila kukumbuka nilichokuwa natafuta ndani.

Nakueleza yote. Ile habari ya asubuhi kwamba Kobe yuko hai haikuja peke yake. Ilikuja na orodha. Ili azuie matangazo lazima kila simu ya nyumbani imuulize yeye kwanza njia ya kwenda kila tovuti, na kila akiulizwa anaandika: simu gani, tovuti gani, saa ngapi. Niliiwasha nione kama matangazo kweli yanazuiwa. Baada ya wiki moja nilishahakikisha. Ilikuwa ni kubonyeza mara moja tu kuizima. Sikuizima. Niliisoma kila siku tangu Januari mpaka uliponichomolea.

Maneno uliyoandika sikuyaona, wala ulichosoma. Niliona majina tu na saa. Lakini niliona simu yako iko nyumbani saa nne asubuhi siku za kazi, kuanzia mwezi wa pili, na wewe unaniandikia kwamba mafaili hayaishi. Niliona jina la kliniki ya masikio. Niliona tovuti ya wanaouza vifaa vya kusaidia kusikia, ukaenda huko siku kumi na moja mfululizo. Nikajua masikio yanakusumbua, nikajua na kazi umeacha, na nikaendelea kukuandikia kama mtu asiyejua lolote. Nikakutengenezea taa nikaita mchezo. Ulipouliza, nikakudanganya.

Naona aibu, Shangazi. Siwezi hata kukitazama hicho kikompyuta changu cha picha. Ulinilea ukiwa unagonga mlango wa chumba changu kabla ya kuingia, nikiwa na miaka saba, wakati hakuna mtu mzima mwingine aliyekuwa akimgongea mtoto.

Likizo nimeelewa.

Bisibisi

*

12 Julai

Shikamoo Shangazi,

Sijui kama barua yangu ya tarehe 9 Juni imefika. Sikuombi unijibu yaliyomo. Niandikie tu tarehe yake kwamba imepokelewa.

Bisibisi

*

Kumb. Na. SHA/5
2 Agosti

Bisibisi,

Imepokelewa. Nimeisoma mara nne nikaiweka kwenye jalada lako, kwa sababu sasa una jalada.

Dada yako mzima, anakusalimu, hajui kitu. Goti limerudi na hasira zake.

Unaniandikia kwamba uliona majina tu. Mwanangu, mimi ndiye wa kuambiwa hivyo? Miaka ishirini na tisa niliandika rejesta. Barua inayoingia, barua inayotoka, imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, tarehe. Bahasha ya siri sikufungua hata moja, na hakukuwa na jambo la ofisi ile nisilolijua. Bahasha ya mahakama ikija mara tatu kwa jina la mtu, najua nyumba yake inavunjika. Ya hospitali ikija, najua anaumwa kabla mkewe hajaambiwa. Majina na tarehe vinatosha. Ukinipa majina na tarehe za mtu yeyote nitakwambia analia saa ngapi.

Kwa hiyo usijifiche hapo. Kujua sikulaumu sana, macho yakishaona yameona. Kazi yangu ilikuwa kujua nikanyamaza, nisifanye chochote, hata jema. Kulikuwa na dereva wa ofisi nilijua kwa bahasha tu kwamba mwanawe amefungwa. Kila asubuhi nilimpa funguo za gari na nilitamani kumwambia pole. Sikumwambia, kwa sababu angejua nimejua, na asingepata tena mahali pa kusimama mbele yangu. Wewe umeniletea pole yako kwenye boksi, na waya mwekundu na mweusi.

Basi. Hasira imepungua kidogo, sasa nikwambie mwenyewe, ili uwe umeambiwa na mimi na si na Kobe.

Limeanza mwaka juzi, sikio la kushoto. Ulipokuwa hapa Januari hukugundua kwa sababu unaongea ukinitazama, na una midomo mikubwa ya baba yako, inasomeka kutoka barabarani. Ofisini haikuwa hivyo. Mkuu akiniita kwa nyuma sikugeuka. Wakaanza kusema nina kiburi. Nikaona kiburi ni jina zuri kuliko lile lingine, nikalikubali na hata nikatembea nalo. Halafu simu zikanishinda, nikaomba kustaafu kabla ya wakati, nikasingizia goti.

Walinifanyia hafla ndogo ya kuniaga ukumbini, siku ya mwisho ya Januari. Mkuu aliongea, amesimama dirishani na mwanga uko nyuma yake, midomo siioni. Mimi natikisa kichwa na kutabasamu. Mara watu wote wakasimama. Nikadhani wanasimama kwa ajili yangu. Nami nikasimama, nikapiga makofi, nikasema asanteni, asanteni sana, mmenifurahisha.

Ilikuwa dakika ya kumkumbuka mfagizi wetu. Alikuwa amefariki wiki ile. Mkewe alikuwa mstari wa mbele, karibu yangu kabisa, na mimi napiga makofi mpaka mtu akanishika mkono. Huko nyuma kuna waliocheka. Kicheko sikukisikia, nilikiona mabegani mwao.

Sikumwomba radhi yule mama. Ningeanzaje? Ilibidi nimwambie sababu. Nimeacha anichukie kwa kitu ambacho sikukifanya, na mpaka leo nikipanga mistari ya kumwambia, naishia kwenye salamu. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba kazini kwema.

Shangazi

*

25 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Barua yako SHA/5 nimeipokea. Nashukuru kwa kunipa jalada.

Umeandika kwamba kicheko ulikiona mabegani. Basi kuna kimoja hukukiona, na nisipokiandika leo sitakiandika tena.

Katikati ya mwezi wa pili nilikuwa najisifu karakana. Nilitaka wenzangu waone Kobe anavyofanya kazi, kimashine walichokiita takataka. Nikaifungua orodha yako kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, kile cha mezani kwa mkubwa wetu, watu watano wamesimama. Mmoja akasoma kwa sauti: masomo ya kusoma midomo. Akauliza shangazi wa nani huyu anayetaka kusoma midomo, na ya nani. Mwingine akasema lazima kuna mzee mwenye midomo. Wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu alikuwa shangazi yangu na nisingecheka wangeona nimeona haya. Halafu nikachukua mzaha huo nikakuandikia, ile habari ya mchumba. Uliniuliza dalili wamezionea wapi. Walizionea kwenye kioo.

Siku nne baada ya kutuma barua ile ndipo jina la kliniki ya masikio lilipotokea. Nilikaa chini kando ya pipa la maji. Nilikuwa nimekucheka na tayari nimeshakutumia kicheko chenyewe kwa posta.

Wenzangu nimewaambia. Sikuwaambia habari zako, nimewaambia kwamba nilifanya vibaya kuwaonyesha nyumba ya mtu. Aliyesoma kwa sauti haongei nami sana siku hizi, na sioni kosa lake.

Unaweza kujiuliza kwa nini niliendelea kusoma baada ya kuelewa. Nimejiuliza pia. Jibu halinisaidii lakini ni la kweli. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mishono, kabla ya kitu chochote, ulikuwa unafungua tovuti ya hali ya hewa ya huku nilipo. Si ya hapo kwenu, ya huku. Hakuna mtu mwingine duniani anayeuliza kama huku kunanyesha. Nilikuwa naamka kwa ajili ya mstari huo.

Orodha yote iliyokuwa kwangu nimeifuta, nakala sina. Ya kwako iko ndani ya Kobe. Ubavuni ana mlango mdogo, ndani kuna kadi kama ukucha wa kidole gumba. Ivute, ivunje, na Kobe atabaki kibati kisicho na kumbukumbu. Sitajua umefanya lini, na ndivyo inavyotakiwa.

Oktoba nitabaki hapa nifanye kazi.

Mwanao, kama bado naruhusiwa kuandika hivyo,
Bisibisi

*

Kumb. Na. SHA/6
20 Septemba

Mwanangu Bisibisi,

Marahaba. Sisi wazima, na safari hii si salamu ya mdomoni.

Kicheko kile kimeniuma kuliko orodha, sikufichi. Niliiweka barua yako chini nikaenda kufua mashuka ambayo yalikuwa safi. Nikayaanika. Mama wa ghorofani akamwaga maji yake juu yake, nikayafua tena, na mara ya pili nikawa nimechoka kukasirika. Watu watano mbele ya kioo. Ningependa usingeniambia, na usingeniambia nisingekuandikia tena.

Dada yako nimemwambia. Alilia, kisha akafungua friji. Tulikwenda pamoja kliniki, ile ile unayoijua jina lake. Kushoto wamesema hakuna kilichobaki. Kulia wameniwekea kifaa, na kinapiga mluzi nikimkumbatia mtu, kwa hiyo jiandae. Jioni nakitoa, kinanichosha. Sikujua kama saa yangu ya ukutani ina kelele kiasi kile.

Kisha nikamwambia dada yako anisindikize kwa mke wa mfagizi. Nilitaka kuandika, nikaona hapana, hii ni ya kwenda kwa miguu. Tulimkuta anachambua mboga. Nikamwambia nilipiga makofi kwa sababu nilikuwa sisikii, na nikanyamaza miezi saba kwa sababu niliona haya kusema kwamba sisikii. Aliweka mboga chini, akanigeukia. Akasema mumewe ndiye aliyekuwa akimwambia kila siku, yule mama wa masjala masikio yake yameondoka, mwongeleshe usoni. Kumbe mfagizi alijua. Alikuwa anakuja mbele ya meza yangu kila asubuhi, anaegesha ufagio, ananitazama ndipo anasema habari za leo. Mimi nikidhani ni adabu tu. Alijua, akanyamaza, na akanisalimu usoni. Nimerudi nyumbani nikakaa sana na hilo, nikikufikiria na wewe.

Kadi ya Kobe nimeitoa. Sikuivunja. Iko kwenye bahasha, nimeipiga gundi na kuiandika SIRI. Utakuja uiandike upya hapa mezani, mimi nimekaa pembeni yako, na kila unachokiwasha unieleze ukinitazama. Rejesta hatutaki. Ajue njia, asijue wasafiri. Matangazo yamerudi yote, jana limenirukia la viatu vya harusi, kwa hiyo usichelewe sana.

Taa nimezifunga mwenyewe kwa mchoro wako, na bisibisi ya fundi wa umeme. Ya jikoni ulikosea, mwekundu uliuweka pa mweusi, nimekurekebishia. Kibapa cha chini ya mto bado tunatazamana. Siku ya kwanza ziliwaka zote mbili mara tatu, nikatoka mbio nikidhani ni moto. Alikuwa mama wa ghorofani. Amekuwa akigonga tangu mwaka jana aniombe radhi kwa yale maji, akaona sifungui, akaamua kwamba nina kiburi. Tumekunywa chai. Maji bado anamwaga.

Hali ya hewa ya huko nimeacha kuangalia. Itabidi uniandikie mwenyewe kama kunanyesha.

Oktoba uje. Kitasa nilikibadilisha mwezi wa Mei, kwa hiyo ufunguo ulionao haufungui tena, na mpya sitakupa mpaka tumalize kazi ya Kobe. Utasimama nje kama wageni wengine. Usiniite kwa dirisha wala usigonge kwa nguvu, utasumbua majirani bure. Bonyeza mara moja, ungoje.

Nitaona.

Shangazi yako